Upunguze Wapi?

Kama uko jikoni, kama umo kwenye daladala unarudi nyumbani, kama ndiyo kwanza unafunga duka, sogea karibu na redio tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo nataka tuzungumze kuhusu michezo ya kompyuta. Ngojeni kwanza, msizime redio, hasa ninyi ambao hamjawahi kucheza hata mmoja! Jambo lenyewe linamhusu kila mtu anayetengeneza kitu kwa akili yake na mikono yake, kisha akakipeleka sokoni. Fundi seremala linamhusu. Mchapishaji wa vitabu linamhusu. Kijana anayetunga programu za simu chumbani kwake linamhusu sana. Swali ni hili: kazi yako ni nzuri, unaipenda, umeipa roho yako, lakini mwisho wa mwezi umefika na mwenye nyumba anagonga mlango. Lazima upunguze kitu. Je, upunguze wapi?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumeisikia tangu utotoni. Mimi leo nataka kuiuliza methali hiyo maswali mawili, kwa heshima zote. La kwanza, chema chajiuza kweli? La pili, hata kama chajiuza, chajiuza mapema kiasi cha kulipa mishahara ya mwezi huu? Maana kitu chema kinaweza kujiuza baada ya miaka kumi, na aliyekitengeneza ameshafunga milango zamani.

Nimechagua visa viwili, vyote vya Marekani, vya kampuni ndogo zilizotoa michezo. Kisa cha kwanza ni kirefu, cha kampuni iliyoitwa Infocom. Cha pili ni kifupi, na mwenyewe bado yuko kazini. Tuanze na kile kirefu.

Mwaka 1977, katika chuo maarufu cha teknolojia cha MIT, karibu na mji wa Boston, watu wanne walianza kuandika mchezo. Majina yao ni Tim Anderson, Marc Blank, Bruce Daniels na Dave Lebling. Mchezo wakauita Zork. Nao haukuwa na picha hata moja. Sasa utauliza, mchezo wa kompyuta usio na picha unachezwaje? Unachezwa kwa maneno. Kompyuta inakueleza kwamba umesimama uwanjani, mbele yako kuna nyumba nyeupe, na hapo kuna sanduku la barua. Halafu inanyamaza, inakungoja wewe. Unaandika unachotaka kufanya: fungua sanduku, soma karatasi, zunguka nyuma ya nyumba. Nayo inakujibu. Ukipata njia ya kuingia, utagundua kwamba chini ya nyumba ile kuna ulimwengu mzima wa mapango, hazina, mwizi anayekunyatia, na giza lenye hatari.

Kulikuwa na mchezo wa aina hiyo kabla yao, nao walikuwa wameucheza wakaupenda. Lakini ule wa awali ulielewa maneno mawili tu kwa wakati mmoja. Zork ilielewa sentensi. Ungeweza kuiambia mpige fulani kwa upanga, au weka kito ndani ya kabati, ikakuelewa. Halafu ilijibu kwa ucheshi, kama mtu mwenye akili timamu aliyeketi upande wa pili. Hapo ndipo ubora wake ulipokuwa. Naomba mlishike hilo, maana tutalirudia: mteja wa Zork alikuja kwa ajili ya maneno. Maneno yanayoelewa, na maneno yanayojibu.

Mwaka 1979 watu kumi wa chuo kile wakaungana wakaanzisha kampuni, ndiyo Infocom. Na hapa kuna jambo lingine la kushika. Walipoanza, hawakukusudia kuwa kampuni ya michezo. Nia yao ilikuwa kuuza programu za kazi, za maofisini. Zork ilikuwa kitu kilichokuwa tayari mkononi, ambacho kingeweza kuleta fedha za kuanzia. Mchezo ulikuwa ngazi tu ya kupandia kwenda kwenye kile walichokiona kuwa biashara ya watu wazima. Tutaona ngazi hiyo iliwafikisha wapi.

Tatizo la kwanza likaja mara moja. Zork iliandikwa kwenye kompyuta kubwa ya chuo, mashine ya kujaza chumba. Kompyuta zilizokuwa zikiuzwa kwa ajili ya nyumbani wakati ule zilikuwa na uwezo mdogo mno. Mchezo haukuenea humo. Tena kompyuta hizo hazikuwa za aina moja: kulikuwa na Apple, kulikuwa na TRS-80, baadaye Atari, Commodore na nyingine chungu nzima, na programu ya moja haikufanya kazi kwenye nyingine. Kampuni ndogo, yenye watu wachache na fedha kidogo, ingeandika mchezo uleule mara ngapi?

Wewe ungefanya nini? Fikiri kidogo. Ungeweza kupunguza werevu wa mchezo, uelewe maneno mawili tu kama ule wa zamani. Ingekuwa rahisi, na ingeuzika.

Wao hawakufanya hivyo. Waliukata mchezo vipande. Kipande cha kwanza kikawa Zork I, na yaliyobaki yakatumika kwenye Zork II na Zork III, pamoja na mambo mapya. Na Joel Berez akishirikiana na Marc Blank wakabuni kitu cha ajabu: kompyuta ya kufikirika. Kompyuta isiyokuwepo popote, iliyoelezwa kwenye karatasi tu. Mchezo uliandikwa mara moja tu, kwa ajili ya mashine hiyo ya kufikirika. Halafu kwa kila kompyuta ya kweli iliyokuja sokoni waliandika programu ndogo ya ukalimani, inayosoma mchezo na kuufikisha kwa mashine iliyopo. Kompyuta mpya ikitoka, unaandika mkalimani mmoja, na michezo yako yote inaingia humo siku hiyohiyo.

Kulikuwa na gharama? Ndiyo. Ukalimani huchukua muda, kwa hiyo mchezo ulikwenda polepole zaidi kuliko kama ungeandikwa moja kwa moja. Na aliyenunua Zork I hakupata ulimwengu wote wa Zork ya chuoni. Kwa hiyo walipunguza ukubwa, na walipunguza kasi. Lakini maneno hawakuyagusa. Sentensi zilieleweka vilevile, na majibu yalichekesha vilevile.

Mama lishe mwenye busara anafanya hivyo hasa. Bei ya vitu ikipanda, ataacha kuweka kitambaa mezani, ataacha soda, pengine atapunguza aina za vyakula kutoka sita hadi tatu. Lakini maharage yake, yale yanayowafanya watu wavuke barabara kuja kwake, atayapika kwa nazi ileile na kwa muda uleule. Anajua watu wamekuja kwa ajili ya nini.

Tuendelee. Mwanzoni Zork ya kompyuta za nyumbani haikuuzwa na Infocom wenyewe. Ilitolewa na kampuni nyingine, iliyokuwa na jina kubwa kwenye programu za hesabu za biashara. Kampuni hiyo iliweka juu ya mchezo picha ya jitu lenye misuli na upanga, picha isiyohusiana na kilichokuwa ndani. Baadaye ikaamua kuachana na michezo. Infocom wakachukua mzigo wao, na kuanzia mwaka 1981 wakawa watoaji wa michezo yao wenyewe. Yaani sasa kufikiri walifikiri wao, kuandika waliandika wao, na kutafuta wanunuzi pia wao.

Mwaka 1982 wakatoa mchezo wa upelelezi ulioitwa Deadline, kazi ya Marc Blank. Tajiri amekufa, wewe ni mpelelezi, una saa chache za kumpata muuaji. Tatizo la nafasi likarudi tena: habari za kesi zilikuwa nyingi na disketi ilikuwa ndogo. Wakafanya nini? Yale yasiyoenea kwenye disketi wakayatoa nje, kwenye karatasi. Ukifungua pakiti ya Deadline ulikuta mahojiano ya polisi, ripoti ya maabara, na vidonge vya kuigiza eti vilivyookotwa karibu na maiti. Vitu vya kushika kwa mkono!

Wanunuzi wakavipenda kupita kiasi. Tangu hapo kila mchezo wa Infocom ulikuja na vitu vyake. Na kulikuwa na faida nyingine: wezi wa programu waliweza kunakili disketi, lakini ramani na barua na vidonge hawakuweza kuvinakili kwa urahisi. Mara nyingi ndani ya vitu hivyo mliwekwa habari ambayo bila hiyo mchezo haumaliziki. Basi tazama, ndugu msikilizaji. Kitu kilichoanza kwa sababu ya ufinyu wa disketi kikawa alama ya ubora wa kampuni nzima. Hilo ni zuri sana, na ninalisema kwa moyo wangu wote, kwa sababu tumezoea kufikiri kwamba kila unapolegeza kamba unashuka. Si kila mara. Anayejua anachokilinda anaweza kulegeza kamba na akapanda.

Walijifunza pia kwa maduka. Mchezo wao wa anga za juu, Starcross, uliwekwa kwenye pakiti ya plastiki yenye umbo la kisahani kinachoruka. Ilipendeza kuitazama, lakini mwenye duka aipange wapi? Rafu za maduka ni za mstatili, na kisahani kinabingirika. Ilipofika mwaka 1984 michezo yao yote ilikuwa imeingizwa kwenye maboksi ya umbo moja, yanayosimama vizuri rafuni. Wapo waliosikitika. Mimi nasema walifanya sawa. Hakuna aliyekaa kwenye kiti mpaka usiku wa manane kwa sababu ya umbo la plastiki.

Na kulikuwa na vitabu vya dondoo. Michezo hii ilikuwa migumu, watu walikwama kwa majuma, wakaandika barua wakiomba msaada. Mmoja wa watu wao, Mike Dornbrook, alianza kwa kujibu barua hizo, na kazi hiyo ikakua ikawa vitabu vilivyochapwa kwa wino usioonekana. Unasoma swali, kisha unapitisha kalamu maalumu, jibu linajitokeza kidogo kidogo, dondoo moja baada ya nyingine, uchukue kiasi unachotaka tu. Viliuzika vizuri sana. Mtu anaweza kuuliza: hii si kumtegea mtu shimo kisha kumuuzia kamba? Nimelifikiria swali hilo, na nadhani hapana, kwa sababu michezo yao ilijaribiwa kwa bidii ili iweze kumalizika kwa akili ya kawaida. Walikuwa na wajaribu wao, watu wa kucheza na kucheza na kutafuta makosa, na mmoja wa wajaribu hao, Steve Meretzky, akaja kuwa mwandishi wao mashuhuri kuliko wote. Kampuni inayolipa watu watafute kasoro kabla ya mteja kuziona haimtegei mteja shimo.

Mwaka 1984 huyo Meretzky alishirikiana na mwandishi wa Uingereza, Douglas Adams, kutoa mchezo kutokana na kitabu chake maarufu, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy. Ukauzwa kwa mamia ya maelfu. Mauzo ya mwaka ule yakafikia kama dola milioni 10. Kampuni ya watu wachache, inayouza maneno matupu yasiyo na picha! Chema kilikuwa kinajiuza. Methali ilikuwa imesimama wima.

Basi kilichowaangusha ni nini?

Hapa nataka tutulie, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokosea kisa hiki. Ukiuliza kwa haraka utaambiwa: walikataa picha, picha zikaja, wakafa. Kuna ukweli humo na nitaufikia. Lakini jeraha la kwanza walijitia wenyewe, wakati michezo ikiwa kileleni.

Mnakumbuka nilisema walipoanza hawakukusudia kuwa kampuni ya michezo? Nia ile ya mwanzo haikufa. Tangu mwaka 1982 kikundi ndani ya kampuni kilikuwa kikitengeneza programu ya kuhifadhi kumbukumbu za biashara: orodha za wateja, bidhaa, madeni. Iliitwa Cornerstone. Watu wakaajiriwa, ofisi ikapanuliwa, mamilioni ya dola yakaingia humo, mengine ya mikopo na mengine yaliyoletwa na Zork na ndugu zake. Januari 1985 Cornerstone ikatoka, bei yake dola 495.

Haikuuzika. Yaani iliuzika kidogo, si kwa kiasi cha kurudisha hata gharama. Na moja ya sababu inauma kuisimulia. Waliitengeneza kwa njia ileile ya kompyuta ya kufikirika, ili iende kwenye mashine zote. Lakini maofisi yalikuwa yameshahamia kwenye mashine ya aina moja, ile ya IBM na zile zilizoigwa kwake. Mashine zote zilikuwa ni moja tayari! Kwa hiyo faida ya ukalimani ilikuwa imetoweka, na kilichobaki ni hasara yake: mwendo wa polepole. Mchezaji wa Zork hakujali kungoja kidogo, alikuwa anafikiri. Karani wa ofisi anangoja orodha ya wateja, na nyuma yake bosi amesimama.

Mwaka 1985 ulipokwisha, kampuni iliyokuwa na wafanyakazi zaidi ya 100 ilikuwa imewapunguza kwa zaidi ya nusu. Michezo haikuwa imepata hasara. Waandishi wa michezo waliendelea kufanya kazi nzuri, na deni walilokuwa wakilipa halikuwa lao. Mshika mbili moja humponyoka, na mara nyingine inayoponyoka ni ile iliyokuwa imekulisha.

Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu ninaona tabia hii kila mahali. Mtu anafanya kazi inayopendwa, inayomlipa, lakini moyoni anaionea aibu kidogo. Anaiona ya kitoto. Anaihesabu kuwa kazi ya muda tu, mpaka aingie kwenye mambo makubwa. Basi anaikamua ile ili ailishe nyingine. Infocom hawakuharibu ubora wa michezo yao ili wapate fedha. Waliiheshimu michezo yao kwenye ukurasa, lakini hawakuiheshimu kwenye daftari la hesabu. Na daftari la hesabu ndilo lililoamua.

Katikati ya msukosuko huo Meretzky alitoa mchezo wa kina kuliko yote aliyowahi kuandika, mwaka huohuo wa 1985. Uliitwa A Mind Forever Voyaging. Humo huui jini wala hutafuti hazina. Unatembea kwenye mji mmoja wa Marekani wa siku zijazo, unarudi baada ya miaka kumi, kisha baada ya kumi mingine, na unaona jinsi siasa fulani zilivyobadilisha maisha ya watu, shule zao, imani zao, nyumba yako mwenyewe. Ulikuwa mkubwa mno kwa kompyuta nyingi za bei nafuu, kwa hiyo watu wengi wenye mashine hizo hawakuweza kuucheza hata kama walitaka. Waliousifu waliusifu sana. Wanunuzi hawakuwa wengi.

Mwaka uliofuata mwandishi yuleyule akatoa mchezo wa vichekesho na mahaba ya utani, wenye jina la kuvuta macho, na ndani yake mchezaji alichagua mwenyewe kiwango cha uchangamfu: wa heshima, wa kati, au wa kupitiliza. Ukauzwa mara kadhaa zaidi ya ule mzito. Je, alijishusha? Wapo wanaosema hivyo. Mimi sikubaliani nao. Vitendawili vya mchezo ule wa utani vilitungwa kwa ustadi uleule, na ucheshi wake ulipimwa neno kwa neno. Mwandishi ana haki ya kuandika tanzia mwaka huu na kichekesho mwakani, mradi asimdharau msomaji wa chochote kati ya hivyo viwili. Na kampuni iliyokuwa na njaa ilikihitaji kile kichekesho, maana mwaka huohuo wa 1986 ilitoa pia kazi ya Brian Moriarty iitwayo Trinity, inayohusu bomu la atomu na woga wa binadamu mbele yake. Sijui mfano bora kuliko huo wa kazi nyepesi kubeba kazi nzito mgongoni.

Lakini deni lilikuwa limeshakaa. Mwaka 1986 Infocom ikauzwa kwa kampuni kubwa zaidi, Activision, kwa dola milioni 7 na nusu. Mkuu wa Activision wakati ule, Jim Levy, alikuwa mpenzi wa michezo yao. Haikupita muda akaondoka, na nafasi yake akachukua Bruce Davis, ambaye hakuwa ameridhika na ununuzi ule. Sasa mambo yakageuka. Ikatakiwa michezo mingi zaidi kwa mwaka, itoke haraka zaidi. Namna ya kufungasha, ambayo ilikuwa fahari yao, ikaamuliwa na wengine.

Sasa tuliulize tena swali letu: mteja alikuja kwa ajili ya nini? Alikuja kwa ajili ya maneno yaliyopimwa, yaliyojaribiwa, yaliyoandikwa upya. Ukipunguza muda wa kuandika na kujaribu, umepunguza maharage yenyewe. Kule nyuma walipunguza ukubwa, kasi, umbo la boksi, na wakastawi. Safari hii kilichopunguzwa ni muda, na muda ndio uliokuwa kiungo kikuu.

Nilisema nitafika kwenye picha. Ni kweli, soko lilikuwa linahama. Tangu mwaka 1984 kampuni ya Sierra ilikuwa na King's Quest, mchezo wa hadithi wenye picha na rangi na mtu anayetembea. Kila mwaka kompyuta zilizidi uwezo, na mnunuzi mpya alitaka kuona. Infocom nao mwishoni wakaweka picha, kwenye Zork Zero ya mwaka 1988. Walichelewa. Mwaka 1989 ofisi yao ya Massachusetts ikafungwa, wachache wakahamia California, na ile Infocom iliyojulikana ikaishia hapo. Hata bila Cornerstone wangepata taabu, sitaki kuwadanganya. Lakini mtu mwenye akiba hukutana na mabadiliko akiwa na muda wa kufikiri. Wao walikutana nayo mifuko ikiwa mitupu, na mwenye maamuzi akiwa mwingine.

Haya. Nimesema kisa cha pili ni kifupi.

Mwaka 1994, katika mji wa Seattle, kijana aliyekuwa akisomea shahada ya juu ya hisabati, Jeff Vogel, alianzisha kampuni iitwayo Spiderweb Software. Mwaka 1995 akatoa mchezo wake wa kwanza, Exile, hadithi ya watu waliofukuzwa na dola na kutupwa waishi chini ya ardhi. Kampuni yake ni ya familia: yeye anaandika na kuunda, mkewe anasimamia biashara, na mafundi wa nje wanaitwa pale kazi inapowahitaji. Basi. Mpaka leo wapo. Zaidi ya miaka 30 katika biashara ambayo kampuni za mabilioni zinaanguka humo.

Amepunguza wapi? Kwenye picha. Ukitazama michezo yake utaona picha za kawaida sana, na ukitazama mchezo unaofuata utaona picha zilezile nyingi zimerudi. Amelaumiwa kwa hilo miaka yote. Naye hafichi, husema wazi kwamba fedha za picha nzuri hana. Anachowapa watu ni hadithi ndefu, maamuzi yenye uzito, ulimwengu mpana wa kuzunguka kwa saa nyingi. Katika mfululizo wake wa Geneforge, ulioanza mwaka 2001, unakutana na viumbe waliotengenezwa na binadamu ili wamtumikie, na unatakiwa uamue wewe: wana haki au hawana? Mchezo haukuambii jibu sahihi.

Jambo lingine analolifanya ni kurudia. Ile Exile ya 1995 aliijenga upya mwaka 2000 kwa jina la Avernum, na mwaka 2011 akaijenga upya tena. Kuna wanaoliita hilo uvivu. Mimi naona kompyuta zinakufa, mifumo inakufa, na mchezo usiojengwa upya unakufa nayo. Mwandishi wa kitabu akitoa toleo jipya lililosahihishwa hatumwiti mvivu. Na toleo jipya la kitu unachokijua linagharimu kidogo, linaleta fedha, na fedha hizo zinanunua muda wa kuandika kitu kipya.

Na hakuwa mgumu pale soko lilipobadilika. Kwa miaka mingi aliuza mwenyewe, akitoa sehemu kubwa ya mwanzo bure ili mtu aonje kwanza, na bei yake haikuwa ya chini. Mwaka 2011 akaingia kwenye duka kubwa la mtandaoni la Steam, na kwenye iPad, kwa bei ndogo zaidi. Aliacha msimamo wake wa bei. Namna ya kuandika hakuiacha.

Lakini naye amelipa. Kuna mamilioni ya watu ambao wataiona picha moja ya mchezo wake na kupita, hawatajua kamwe hadithi iliyomo. Amekubali kubaki mdogo. Si kila mtu anaweza kulikubali hilo, na sitamlaumu asiyeweza. Mwenye wafanyakazi 100 hawezi kuishi kwa wanunuzi wachache waaminifu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza upunguze wapi kwenye kazi, pengine kuna swali linalotangulia: unataka nyumba yako iwe na vyumba vingapi? Maana vyumba ndivyo vinavyodai kodi.

Nawafikiria vijana wetu walioko Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, wanaounda michezo ya simu. Najua wanaambiwa nini na wenye fedha: weka matangazo kila baada ya dakika, weka sarafu za kununua, toa haraka, toa mingine. Sisemi wakatae yote. Matangazo yanaweza kuwa boksi la mstatili tu, kitu cha kuingilia rafuni. Yanaweza pia kuwa ndiyo yanayokula muda wa mchezaji na utamu wa mchezo wenyewe. Kipimo ni kilekile: aliyeufungua mchezo wako leo, na kesho akaufungua tena, alirudi kwa ajili ya nini? Ukishakijua kitu hicho, mengine yote yanaweza kujadiliwa mezani na mwenye fedha.

Kabla hatujaagana, niwape habari moja zaidi ya Infocom. Wapenzi wa michezo ile, wengi wao wakiwa wanafunzi, waliichunguza ile kompyuta ya kufikirika mpaka wakaielewa yote, na wakaandika wakalimani wapya bila kulipwa. Mwaka 1993 Mwingereza mmoja, Graham Nelson, alitoa programu inayomwezesha mtu yeyote kuandika mchezo mpya wa maneno kwa ajili ya mashine hiyohiyo. Watu wakaandika, na bado wanaandika. Na kwa kuwa mashine haikuwahi kuwepo, haikuweza kuchakaa. Mkalimani wake sasa anapatikana hata kwa simu ya mkononi, na mtu akitaka anaweza kuicheza Zork ya mwaka 1980 jioni hii, ndani ya daladala. Mchezo ni wa Kiingereza. Wa Kiswahili unangoja mwandishi, na huhitaji fedha ya picha kuuandika.

Nasubiri barua na ujumbe wenu. Nieleze kwenye kazi yako wewe, siku ulipobanwa, ulipunguza wapi, na wateja walisemaje. Zile zitakazofika mapema tutazisoma hapa wiki ijayo, saa hizihizi.